Chakula Kisichopita Motoni

Mara ya kwanza nilipopunguza suruali ya mume wangu, nilifurahi. Ilikuwa Ijumaa, ametoka Muleba, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Miembeni. Akasimama mbele ya cherehani, akavuta kiuno cha suruali kwa kidole gumba kunionyesha nafasi iliyobaki. "Ona," aliniambia, "kitambi kimekwenda." Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao walicheka wakamsifu. Nikachukua chaki, nikaweka alama, nikashona. Nilimwambia amerudi kuwa kijana.

Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza, "Wewe ulikuwa wapi? Hukuona?" Nilikuwepo. Ugonjwa ule haukuingia kwetu kwa kunyata. Uliingia mchana, na tuliupigia makofi.

Mume wangu anaitwa Respicius. Ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Ameruhusu niandike haya, ameyasoma yote, na mahali pawili amenisahihisha. Tuna binti mmoja, Asimwe, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo. Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo amekaa mezani na mtu wake, anamwangalia akizungusha kijiko kwenye sahani, na hajui kama anachokiona ni ukaidi, ni uchawi, au ni ugonjwa. Ni ugonjwa. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo.

Alikuwa amehamishiwa Muleba. Sisi tukabaki Bukoba kwa sababu ya shule ya mtoto na kazi yangu, yeye akapanga chumba kule na kurudi mwisho wa juma. Muhula wake wa kwanza, mwalimu mwenzake alianguka ofisini kwa kiharusi, na baada ya siku mbili wakamzika. Walikuwa wa umri mmoja. Respicius akaenda kupima, akaambiwa presha yake imepanda kidogo, apunguze chumvi na mafuta. Ushauri mzuri kabisa. Lakini ndani ya mwezi huo huo mtu alimwingiza kwenye kundi moja la simu la watu wanaokula vitu vibichi tu. Walijiita watu wa chakula hai. Mafundisho yao yalikuwa mafupi: kilichopita motoni kimekufa, na anayekula kilichokufa anakaribisha kifo.

Aliacha nyama kwanza, halafu mafuta, halafu ugali na wali. Mwisho akaacha ebitoke.

Kwa msomaji asiye wa Kagera itabidi nieleze. Kwetu mtu akisema leo hajala, ana maana hajala ebitoke, ndizi zetu za kupika, hata kama amemaliza sinia la wali. Kuacha ebitoke ni kama kumwambia mama yako kwamba umebadili ukoo. Alipoliacha hilo sikucheka tena.

Akawa anakuja na kikapu chake: karoti, kabichi, maparachichi, ndizi mbivu, karanga mbichi alizoloweka kwenye chupa. Alikuwa na kisu chake na bakuli lake, na havikutakiwa kuoshwa pamoja na vyombo vyetu. Alizihesabu karanga moja moja. Alitafuna kila tonge hadi mimi nikachoka taya. Mlo wa dakika kumi ukawa wa saa nzima, na siku hadi siku bakuli lilipungua. Kwanza karanga zilikuwa na mafuta mengi, halafu parachichi nalo likapata kosa, halafu ndizi zikawa na sukari. Hata vile vibichi alivyovisifia akaanza kuviogopa kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba jambo hili halikuwa tena juu ya moto wala presha. Sikujua.

Nilipunguza suruali ile ile mara nne. Mara ya nne mifuko ya nyuma ilikaribia kugusana, nikamwambia sina tena pa kushona. Akatoboa mkanda kwa msumari. Akaanza kuvaa sweta mchana wa jua kali. Viganja vyake viligeuka rangi ya njano kwa karoti, na watu wakasema ini. Nywele zilibaki kwenye mto. Vinyweleo vyembamba kama vya mtoto mchanga vikamwota mikononi. Akikaa kwenye benchi kanisani aliweka kitabu cha nyimbo chini yake kwa sababu mifupa ilimuuma. Kitandani tulilala kama kaka na dada, na nikimgusa bahati mbaya alikuwa baridi.

Na hasira! Mtu aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanamsikia, sasa akawa mkali kwa sababu mlango umefungwa kwa kishindo, kwa sababu Asimwe ametafuna kwa sauti.

Mwanamume aliyekonda Kagera hahitaji kuelezewa. Mwenyezi Mungu amejalia dawa siku hizi, na wapo watu wanaoishi na virusi wakiwa na afya kuliko mimi ninayeandika, lakini watu wa rika la wazazi wetu wanayo macho yao ya zamani. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema safari imemkuta. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono baada ya sala, akanong'ona, "Mama Asimwe, dawa zipo. Usione aibu, mwanangu." Alisema kwa upendo. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia.

Tulipima wote wawili. Hatukuwa nao. Nikatembea na ile karatasi kwenye mkoba wiki nzima, nikitamani mtu aniulize ili nimwonyeshe, na nikijichukia kwa kutamani hivyo. Hakuna aliyeuliza. Mambo kama hayo watu hawaulizi, wanahitimisha.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Kanazi, kwenye kibanja, shamba la migomba la familia. Alizaa watoto watano. Wawili wa kiume, wakubwa wa Respicius, walikufa katika ile miaka mibaya, wakifuatana. Respicius alikuwa mdogo wa shule ya msingi. Hilo nililijua tangu uchumba, lakini ni jambo ambalo nyumba ile haikulizungumza.

Tulikwenda kumwona Jumapili moja wakati wa kuvuna kahawa. Uani kulikuwa kumetandazwa mikeka ya kahawa inayokauka, tukapita pembeni tusiikanyage. Alikuwa amepika tangu asubuhi. Alipofunua yale majani ya mgomba, mvuke ukatoka, Asimwe akashangilia. Respicius akafungua mfuko wake, akatoa bakuli la kabichi.

Mama akarudisha majani juu ya chungu.

"Respicius, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mama. Ni mwili wangu tu haukitaki."

"Mwili huo ulikitaka miaka arobaini."

"Mama, watu wamefanya utafiti."

"Mimi sikuuliza watu."

Akasogea, akamshika kifundo cha mkono kama anayempa pole. Vidole vyake vikazunguka, vikakutana, vikapandiana. Akauachia ule mkono taratibu, akainuka akaenda jikoni. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama tu, hajashika chochote.

"Mama Asimwe, waitu, tafadhali, niambie ukweli. Ni ile?"

"Siyo, Mama. Tumepima."

"Hata wao walisema siyo."

"Karatasi ninayo, Mama. Nikuonyeshe?"

Akatikisa kichwa. Mama yule hakujua kusoma vizuri, lakini nadhani hata angejua asingeitaka. "Mimi nimewaogesha wawili," alisema. "Nimewageuza kitandani kama majani makavu. Huyu sitamwogesha. Siku hiyo ikifika mtafute mtu mwingine." Akaninawisha mikono, akanipa sahani ya Asimwe, tukarudi ndani kama kawaida. Tangu siku hiyo hakuja tena kwetu Bukoba.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilianza kumdanganya. Nilichemsha maharage ya soya, nikayasaga hadi yakawa laini kabisa, nikawa nachanganya kidogo kwenye parachichi lake alilonipa niponde. Mara nyingine nilitia samli. Nilijiona mwerevu. Jumamosi tatu nilifanikiwa, na kila alipomaliza bakuli nilikwenda chumbani nikamshukuru Mungu.

Jumamosi ya nne alionja, akaweka kijiko chini.

"Umeniwekea nini?"

"Parachichi."

"Koku." Jina langu ni Kokushubira, na yeye huniita Koku tukiwa peke yetu tu. Safari hii mtoto alikuwepo. "Koku, umeniwekea nini?"

Nikasema. Hakupiga kelele. Alitoka, nikamsikia nyuma ya nyumba akijitapisha, halafu akarudi akakunja nguo zake na kurudi Muleba siku ile ile. Wiki saba hakurudi nyumbani. Nilimpigia simu, akajibu kwa neno moja moja. Dada yake alipopata habari alinitangazia kwamba nimemwekea mume wangu limbwata, na kwamba kukonda kwake kote kumetoka kwenye chungu changu. Na kuweka kitu kwenye chakula chake niliweka kweli.

Ndugu msomaji, usimfiche mgonjwa wako chakula ndani ya chakula. Najua unavyojisikia. Lakini wangu alikuwa na sehemu moja tu duniani aliyoweza kula bila hofu, nayo ilikuwa bakuli lililotoka mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Katika wiki ile ya saba, Jumanne jioni, nilimpakulia Asimwe ebitoke na maharage. Akaisukuma sahani.

"Sitaki, Mama. Hiki kimekufa."

"Nani kakuambia?"

"Baba."

"Baba alikuambia usile?"

"Hapana. Nilimsikia tu." Akaweka mikono tumboni, kama vile baba yake alivyozoea kuweka. "Naweza kula karoti?"

Nilimpa karoti. Sikuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine. Alipolala nilimwangalia mbavu. Asubuhi nilimpeleka shule, nikafunga kibanda, nikapanda basi la Muleba.

Sikuwa nimewahi kuingia chumba chake tangu aache kupika. Jiko la mkaa lilikuwa pembeni, buibui ameshafuma juu yake. Mezani palikuwa na kikwangulio cha karoti na daftari. Nililifungua. Alikuwa ameandika kila alichokula, kila siku, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na pembeni ya baadhi ya siku ameandika: kosa. Kosa. Kosa. Siku ile tuliyokwenda Kanazi alikuwa ameandika "kosa" kwa sababu alikubali kipande kimoja cha papai kutoka kwa mama yake nilipokuwa jikoni.

Aliporudi kutoka darasani akanikuta nimelishika. Nilidhani atagomba. Akakaa kitandani.

"Asimwe amekataa chakula," nilimwambia. "Anasema kimekufa."

"Mimi sikumfundisha."

"Amekuangalia."

Nje watu walikuwa wanaelekea sokoni, nikawasikia wakisalimiana. Kisha akasema bila kunitazama, "Siwezi kuacha. Nilidhani naweza nikitaka. Nimejaribu mara mbili humu ndani, nikapika uji, nikashindwa kuuweka mdomoni."

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba hata yeye alikuwa amefungiwa. Miezi yote nilidhani ni yeye aliyeshika funguo.

Tulikubaliana tutakwenda hospitali siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata. Hakufika. Jumatatu alianguka mbele ya ubao katikati ya kipindi, na mkuu wa shule akanipigia nikiwa na nguo ya mtu kwenye cherehani.

Kulianza kipindi cha mabenchi. Hospitali ya kwanza ilikuwa ya jirani kule Muleba, walimpa maji ya kwenye mshipa na rufaa. Kisha Bukoba. Benchi la kupima damu, benchi la picha ya kifua, benchi la makohozi. Walitafuta kifua kikuu, walitafuta kisukari, walitafuta uvimbe. Tulirudi nyumbani, tukaitwa tena. Saa sita mchana ndugu wa wagonjwa walifungua vyakula vyao, harufu ikajaa ukumbi, na Respicius akajifunika pua kwa kola ya sweta. Mzee aliyekaa karibu akaona kama amedharauliwa, akahama. Kila jibu lilirudi safi. Unaweza kufikiri nilifurahi. Majibu safi yalinitisha kuliko uvimbe, maana mtu alikuwa anakufa na hakukuwa na kitu cha kukipa jina.

Mwishowe tulimpata daktari mmoja kijana ambaye hakuanza na faili. Alisogeza kiti chake upande wetu wa meza.

"Mwalimu," aliuliza, "ukila chakula kilichopikwa, unaogopa nini kitatokea?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Mimi nilimuuliza kwa nini huli, kwa nini unatufanyia hivi. Sikuwahi kumuuliza anaogopa nini.

Respicius akasema anaogopa harufu. Akaeleza kwamba kaka zake walipokuwa wanaumwa, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwalisha uji akitoka shule, kwa sababu mama alikuwa shambani. Uji ulipikwa ndani ya nyumba ile ile, moshi na uji na ugonjwa vikawa harufu moja. Aliwalisha, wakatapika, akawalisha tena. "Kila mmoja kijiko cha mwisho nilimpa mimi," alisema. Baada ya yule mwalimu mwenzake kufa, harufu ile ilirudi.

Miaka kumi na miwili ya ndoa na sikuwahi kulisikia hilo.

Sitaki mtu afikiri kwamba hapo ndipo alipopona, kwamba alisema siri na njaa ikarudi. Haikuwa hivyo. Hata sijui kama hiyo ndiyo sababu. Daktari mwenyewe hakusema ndiyo. Aliandika jina refu la Kiingereza kwenye faili, na sisi akatupa la Kiswahili: ugonjwa wa kuogopa kula. Akasema unakamata wanaume pia, unakamata watu wazima, na unaua. Akamlaza siku hiyo hiyo.

Alilazwa wiki tano. Nilitegemea watamjaza chakula. Wakafanya kinyume, wakampa kidogo kidogo kama kifaranga, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla unaweza kuzimika. Wiki ya kwanza miguu ilivimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Nilijua ndiyo mwisho. Nilimpigia dada yake, nikamwambia aje. Alikuja, akasimama mlangoni, akaona ile miguu, na tangu siku hiyo hakuzungumza tena habari za limbwata. Alifua nguo za mgonjwa kila siku ya pili mpaka tulipotoka. Hatukuombana radhi. Tulifua.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hawakumnyang'anya vyakula vyake. Ofisa lishe aliyempangia mlo alianzia hapo hapo alipokuwa: parachichi, ndizi mbivu, karanga, ila kwa kiasi alichopanga yeye, siyo cha lile daftari. Baadaye maziwa. Baadaye sana, uji. Palikuwa na nesi mmoja mama wa makamo, Mluteri, ambaye zamu yake nilikuwa naiombea. Wengine walisimama juu yake kuhakikisha amemeza. Yeye alivuta kiti, akafungua kontena lake la chakula, akala cha kwake huku akimsimulia habari za ng'ombe wake mkorofi. Siku ya uji alimwambia, "Mwalimu, vijiko viwili. Ukimaliza nakuambia ng'ombe alivyoingia kwenye kwaya." Vijiko viwili vilichukua karibu saa nzima. Jasho lilimtoka kama mtu anayepanda mlima. Akavimeza. Nesi akasimulia habari ya ng'ombe, nami nikatoka nje nikashika ukuta.

Tulirudi nyumbani mvua za vuli zikiwa zimeanza na watu wakivizia senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa anakula, kwa ratiba, kama dawa. Kulikuwa na siku nzuri. Lakini hakuwa bado na mwili wa kuonekana, na mimi nikasema tusubiri kidogo kwenda Kanazi, mama amwone akiwa na mashavu. Ilikuwa fikra yangu. Nilitaka kumpa zawadi.

Mama aliugua kifua kabla ya Kwaresima, siku sita tu. Tulifika akiwa hatambui mtu. Alifariki bila kumwona mwanawe aliyeanza kupona. Kwa alivyojua yeye, alikuwa anamwacha wa tatu njiani. Kati ya mambo yote ya miaka ile, hili ndilo ninaloamka nalo.

Msibani Respicius alisimama kaburini na koti likimning'inia, na niliona macho ya watu yakitoka kwenye jeneza kwenda kwake na kurudi. Walipogawa chakula alishika sahani. Aliishika muda mrefu. Kisha akaiweka chini ya kiti, na kwa miezi miwili iliyofuata alirudi kule kule, kabichi na kuhesabu. Baba paroko alimwambia mbele yangu kwamba kwake kufunga Kwaresima ile ni dhambi, na kwamba mfungo wake yeye ni kula. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaendelea kufunga. Tulilazwa mara ya pili wakati wa mvua za masika.

Mara ya pili ilikuwa fupi, kwa sababu tuliwahi. Kama kuna neno moja utakalochukua kwangu, chukua hilo: wahi. Usisubiri aanguke ubaoni. Usimsifu mtu kwa kukonda kama hujui kilichomkondesha. Na usigeuze meza ya chakula kuwa mahakama. Mimi nilikuwa hakimu mwaka mzima na sikushinda kesi hata moja.

Sasa yuko shule ya hapa mjini, vipindi vimepunguzwa. Amepoteza meno mawili, na daktari amesema mifupa haitarudi yote ilivyokuwa. Anakula vilivyopikwa, lakini hawezi kukaa ndani chungu kikichemka. Natangulia kupika, nafungua madirisha, ndipo anaingia. Lile kundi la simu alijitoa mwenyewe. Kliniki ni kila mwezi. Asimwe anakula vizuri. Hata hivyo nikimpakulia, macho yangu yanafuata mkono wake hadi mdomoni, na juzi aliniambia, "Mama, usiniangalie." Sijui nitaliponya vipi hilo. Nimemwahidi nitajitahidi.

Mwezi uliopita Respicius alipata malaria, na baada ya malaria niliona sahani inaanza kupungua. Nilimwomba Mungu anipe maneno, hayakuja. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nachambua maharage, akaja akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo magoti yake hayalipendi.

"Koku, wiki hii nimerudi nyuma."

"Nimeona."

"Nimekudanganya mara tatu. Cha mchana nilimpa mbwa." Akachukua maharage machache, akayarudisha. "Tusingoje siku ya kliniki. Twende leo."

Niliwahi kumvuta mtu huyu kwa maombi, kwa machozi, kwa hila. Sikuwahi kusikia akisema twende. Nilinawa mikono, nikamwita Asimwe avae viatu, tukaenda wote watatu, polepole, tukipumzika mara mbili kwenye kilima.

Mapokezi palikuwa pamejaa. Nesi wa zamu alikuwa mgeni, hakutufahamu. Alitutazama, mwanamke, mwanamume na mtoto kwenye benchi moja, akauliza nani kati yetu ndiye mgonjwa.

Nilifungua mdomo kujibu kama ninavyojibu siku zote. Respicius alikuwa ameshainua mkono.

"Mimi," alisema.